Moshi Katika Tanuru la Kale

Neema mjukuu wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Majengo nimebaki na paka tu. Mama yako kesharudi Mbeya.

Unauliza kama uache fizikia kwa kuwa msichana ni wewe peke yako darasani. Enzi za Ujamaa, sisi skauti wasichana tulipiga kambi jirani na tanuru la kale la kuyeyushia chuma. Wazee walisema mwanamke akilisogelea tanuru, chuma kinaharibika, kwa hiyo wenzangu wakakaa mbali. Kiongozi wetu akaniambia, “Wewe nenda kaangalie.” Nikawasha nyasi ndani yake. Moshi ukavutwa juu kwa nguvu na moto ukavuma, bila mtu kupuliza. Nilisimama pale peke yangu, nikitaka kujua kwa nini. Swali lile ndilo lililonifanya mwalimu wa sayansi.

Upweke wa siku ile ulikuwa mtamu. Huu wa sasa ndio mzito. Likizo njoo, twende tukaliwashe tanuru lile.

Bibi yako