Imeachwa au Imetupwa?

Mjukuu wangu Nyakundi,

Nakuandikia kukusihi usiliuze greda lililoachwa katika shamba lako la Nyamira kabla hatujaonana, usije ukaitwa mwizi katika ardhi yako mwenyewe. Sisi hatujambo, nyanya yako angali anachuma majani ya chai na kulalamika kwamba huko Nakuru umemsahau.

Umeuliza: likiwa shambani kwako, si lako? Nami niliuliza vivyo hivyo miaka ya sabini, nilipotoka chuo kikuu nikijiona msomi. Mkandarasi wa barabara ya Keumbu alikuwa ameacha tingatinga katika migomba yetu, nami nikaleta mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Tata," nikamwambia baba, "mashine hii imetupwa."

"Imeachwa," akajibu. "Jembe lako umeliacha kwa jirani. Aliuze?"

Nikaenda kuuliza kwa chifu, naye akanituma kwa polisi. Polisi wakanirudisha kwa chifu. Hatimaye mkandarasi mwenyewe alikuja, akakuta kuku wetu wametagia kwenye kiti cha dereva. Akacheka.

"Sasa nimeitupa," akasema, na akatia sahihi mbele ya chifu kwamba ni yetu.

Hadi leo sielewi kuacha huishia wapi na kutupa huanzia wapi. Labda mwenye greda lako anajua. Mnunuzi asubiri, tukutane stendi ya Nyamira twende kwa huyo mwenye greda, Jumapili, saa nane mchana.

Babu yako