Lebo ya Inakohoa

Jumatatu, 3 Machi

Mia mbili na kumi na mbili! Nimehesabu mara mbili, kwa miwani na bila miwani. Video 212 sasa ziko chini ya lebo "inakohoa", na lebo hiyo niliitunga mimi, hapa hapa kwenye meza ya kazi, mikono imejaa grisi. Nilipopakia video yangu ya kwanza kwenye tovuti ya chama chetu cha mafundi cherehani, nilitakiwa nibandike neno ili watu waikute. Wenzangu wote walikuwa wanabandika majina ya vipuri. Nikajiuliza: mshonaji ambaye mashine imemgomea asubuhi, wateja mlangoni, atajuaje jina la kipuri? Anachojua yeye ni kwamba inakohoa. Basi nikaandika inakohoa.

Leo wananiiga hata mafundi nisiowajua. Wengine wameongeza za kwao: "inakula-kitambaa", "inaruka-mishono", "imenuna". Hiyo ya imenuna nimeicheka mpaka machozi — na ni kweli, zipo zinazonuna.

Mume wangu ananionya: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimemwambia yeye hajanisifu bado, aanze kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Ujumbe wa katibu wa chama. Anataka lebo zote walizotunga watu zifutwe, ibaki orodha rasmi ya maneno arobaini. Nani kaitunga? Yeye! Kura ni Jumamosi ya tarehe 15. Washonaji wanaruhusiwa kuja kusema, ila kupiga kura ni mafundi tu. Anadai tovuti imegeuka soko, kila mtu anabandika lililomjia mdomoni.

Nimeisoma orodha yake. Safi, imepangwa kwa alfabeti, na mshonaji hawezi kupata chochote humo. Ili usaidiwe lazima kwanza uujue ugonjwa wenyewe. Sasa ukishaujua, daktari wa nini?

Nimempigia mwenyekiti. Mzee yule hana haraka na mtu. Njoo uyasemee ukumbini, mwanangu, ndilo jibu lake. Nitayasema! Nani atafuta video 212 mbele yangu?

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya.

Mshonaji mmoja wa sare za shule ameniandikia. Yuko mbali, hatujawahi kuonana. Mashine yake ilianza kukohoa, akaandika neno langu, akafungua video ya kwanza iliyotokea. Fundi wa kwenye video analegeza skrubu ya chini, naye akalegeza. Kumbe yake ilikuwa sindano imepinda tu, ya kubadilisha kwa dakika mbili. Sasa sindano inagonga chuma. Sare thelathini na sita mezani, na shule zinafunguliwa tarehe 17.

Nilijitetea kimoyomoyo kwamba video si yangu. Kweli si yangu. Lakini lebo ni yangu, na lebo ndiyo iliyomshika mkono ikampeleka shimoni. Nimeona haya. Siku zote nilikuwa nahesabu video, wala sikuzitazama.

Nikampigia. Dada, weka simu karibu na mashine nisikie. Zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu. Rudisha kidogo. Alikuwa na hasira, alinijibu kwa mkato, na haki anayo. Tulikaa hivyo masaa mawili na nusu. Mara ya nne sindano ikapita bila kugonga. Akakata simu, ahsante hakuna.

Jumanne, 11 Machi

Katibu kazipata habari. Kazituma kwenye kundi la chama: haya ndiyo matunda ya lebo za mitaani. Kalamu nzito.

Mume wangu ameacha kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, akaniuliza kwa upole kama bado nitaenda. Nitaenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Ijumaa, 14 Machi

Kuna kitu tovutini! Ile video ya skrubu ina lebo mpya: "usianze-hapa". Na ile ya sindano iliyopinda: "anza-hapa". Sikuzitunga mimi. Asubuhi zilikuwa kwenye video mbili, sasa jioni ziko kwenye tisini. Watu wanajisafishia njia wenyewe, bila katibu, bila mimi. Nimejaa fahari, na cha ajabu si yangu hata kidogo. Kama mtoto wa jirani amefaulu mtihani, nami nikapiga vigelegele.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia magotini, safu ya mwisho ya ukumbi. Katibu amesema vizuri, lazima nikiri. Mimi nimesema, na nusu ya hoja nimezisahau.

Kisha mwanamke mmoja akasimama mbele. Sauti naijua — mshonaji wa sare! Amesafiri mpaka hapa! Akaeleza jinsi lebo ilivyomharibia mashine. Katibu akatabasamu. Halafu mshonaji akasema kwamba kwa orodha rasmi asingejua hata pa kuanzia. Ndiyo maana alipomaliza sare akakaa, akabandika "usianze-hapa", mwenzake asije akalia kama alivyolia yeye. "Mkizifuta," akasema, "mnafuta na yangu." Akaketi. Hakunitazama.

Ni yeye! Lebo ile ni yake!

Kura: thelathini na moja kwa thelathini na moja. Kimebaki kidole cha mwenyekiti, naye hajakiinua. Ametoa simu, anaisogeza mbali na macho. Anasema mashine ya mkewe nyumbani inanguruma ikifika kwenye kitambaa kizito, na mama hana raha naye wiki nzima. Aandike nini tovutini?

Nikafungua mdomo. Sikuwahi. Ukumbi mzima: "Inanguruma!" Wengine: "Imeshiba!" Na katibu kasimama, mkono juu, anawapigia kelele wote: "Hapana, jamani! Andika inanguruma-mlimani, ndiko kwenye video nzuri!"

Ukumbi mzima umemgeukia: lebo ya mtaani, mdomoni mwa katibu!

Katibu ameketi polepole, anafuta miwani isiyo na vumbi. Mwenyekiti anaandika kwa kidole kimoja, kile kile cha kura, herufi moja moja, na hakuna anayethubutu kumharakisha —