Risasi Ndefu kwa Bunduki ya Babu

Fredrick,

Makande yako jikoni. Mbuzi hawajanywa maji.

Nilikuambia bunduki ya babu yako ni ya zamani, mtutu wake huizungusha risasi taratibu, kwa hiyo ununue fupi, ndefu hazitulii hewani. Ukanijibu, "Mzee, risasi ni risasi." Asubuhi ulipokuwa umekwenda Bombo, nguruwe pori waliingia kwenye mahindi. Nikapiga kwa hizo ndefu zako. Ya kwanza ilikwenda kombo, ikamuua mbwa wa dada yako Asteria, aliyekuwa pembeni kabisa. Nguruwe wakaendelea kula.

~~Bunduki iko uvunguni.~~ Hapana, naipeleka polisi Same. Sitaki kuiona tena humu.

Shimo la mbwa uchimbe wewe. Asteria hajala, usimlazimishe kuzungumza. Hata mimi ningeweza kukungoja tuzungumze. Nimeona afadhali niandike.

Baba yako