Ukurasa wa Pili wa Sheria ya Waroma

Kalundu, Uvira
Tarehe 9 Novemba 1966

Mpendwa kaka Octave,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Je, kifua chako kimeizoea baridi ya Louvain? Unakula vizuri? Sisi tunapumua. Charlotte amepona surua, na mdogo wake Candide ametimiza miezi mitano. Minye nimechoka tu, uchovu wa kulala vipande vipande.

Mama yuko Lemera. Anachimba mihogo mwenyewe na anakataa kushuka mpaka njia itulie.

Firmin bado hajarudi. Ni mwaka na mwezi sasa tangu wapiganaji wamchukue awabebee mizigo mlimani. Kila mtumbwi ukifika natazama miguu ya wanaoshuka, maana miguu yake naijua hata kwa mbali. Kaka, nina hamu na mume wangu mpaka naona haya kuiandika.

Sasa habari ya kesi. Kwa kuwa Candide alizaliwa miezi minane baada ya baba yake kuchukuliwa, baba mkwe, mzee Donatien, alisema huyu ni mtoto wa vita, si damu yao, nami nihame. Nikaenda tribinali na barua yako mkononi, ile ambamo ulinieleza mnayofundishwa huko chuoni, kwamba Wabeleji walichukua sheria kutoka kwa Wafaransa, na Wafaransa kutoka kwa Waroma wa kale. Wabeleji wamekwenda, kitabu kimebaki. Kumbe! Nilidhani Roma ni ya Baba Mtakatifu tu. Uliandika: mtoto akizaliwa ndani ya ndoa, baba yake ni mume.

Mzee Donatien alicheka mbele ya watu wote. "Weye, hao Waroma walileta ng'ombe ngapi kwa baba yako? Si minye niliyeleta?"

Jaji Jean-Berchmans akamjibu, "Kama ng'ombe zilikuwa zako, mzee, basi na mutoto iko wako."

Nikawa nimeshinda. Lakini kwa ujinga wangu nilikuwa nimempa jaji barua nzima, naye akaendelea kusoma ukurasa wa pili kwa sauti: kwamba kwa Waroma mtoto alikuwa chini ya mamlaka ya baba, na babu akiwa hai, chini ya babu. Mzee Donatien hakucheka tena. Aliinuka, akamshika Candide sikio, akasema polepole, "Sikio la Firmin." Kisha akaomba apewe. Ikaandikwa: siku mtoto atakapoachishwa kunyonya, atahamia kwa babu yake.

Simchukii. Yeye pia anamtafuta mwanawe. Ila barua yako nimeisoma tena mara nne: baba yumo, babu yumo, hata mtumwa yumo. Mama sijamwona. Haiwezekani Waroma wote walizaliwa na wanaume. Mtafute humo vitabuni, kaka, na ukimpata niandikie ukurasa huo peke yake.

Mzee nimemwambia wazi, kwa heshima: aje kila siku amchezeshe mjukuu wake, ugali ataukuta. Kumwachisha ni kazi yangu, na tarehe hakuna aliyeiandika.

Msalimie Sévère, mwenzako wa chumba. Mama anakubariki, Mungu azilinde hatua zako mpaka tukupokee hapa. Candide naye angekusalimu, lakini mdomo wake uko kazini.

Ni mimi dada yako, anayekuwaza kila kunapokucha,

Émérance