Baba, Nimelitaja Jina Lako

Baba,

Nimelitaja jina lako. Nimelitaja mbele ya kijiji kizima, ndani ya darasa, Mama akiwa amekaa dawati la mbele na kaka Petro amesimama dirishani. Ulinikataza, najua. Ndiyo maana nakuandikia mwenyewe, nisije nikaonekana nimekukimbia.

Unaikumbuka asubuhi ile nilipofika nyumbani na gari la chuo, nikaanza kushusha masanduku ya barafu? Ulikaa barazani ukanitazama, ukasema, "Nimepulizia mikorosho maisha yangu yote ili mwanangu aje kupima kambale." Tukacheka. Kisha nikakueleza. Zebaki wanayosafishia dhahabu kule bondeni inateremka na maji mpaka lambo letu, inatulia kwenye tope, inaingia kwa wadudu, halafu kwa samaki. Kambale mkubwa anayewala wenzake ndiye anayebeba nyingi. Ndiye huyohuyo tunayemkausha na kumpandisha Newala kuuzwa. Uliacha kucheka. Ulishika kikombe kwa mikono yote miwili, na chai ikamwagika hata hivyo.

Mikono yako, Baba. Mwanzoni ulisema ni salfa ya mikorosho. Baadaye ukasema ni uzee. Wewe mzee wa kanisa, uliyesoma somo Jumapili bila kufuata mstari kwa kidole, ukaanza kupotea katikati ya aya. Ukawa unamkaripia Mama kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya mlango. Dalili hizo nilikuwa nimezisoma vitabuni na kuzijibia mitihani. Kwako sikutaka kuziona.

Maana nyumbani tulijua. Wachimbaji walikuletea madonge yao, dhahabu iliyoshikana na zebaki, nawe uliyaweka kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa mpaka zebaki ipae kwa moshi na dhahabu ibaki. Ulifanyia jikoni, mlango umefungwa, mzee wa kanisa asije akaonekana na kazi ile. Moshi wenyewe hata hauonekani vizuri. Wewe ulikuwa unauvuta, hewa yote ile.

Siku niliyokuomba mkojo uliona aibu, ukaingia ndani na kichupa ukakaa sana. Ulipotoka ulinikabidhi kimefungwa kwenye leso yako ya kanisani. "Andika namba," ulisema. "Jina langu usiliandike wala usilitaje." Nikakuapia.

Hukuyasubiri majibu. Yalikuja wiki ya tatu baada ya kukuzika.

Na wiki hizo tatu hukuziona. Siku ya matanga tu maneno yalikwisha kuanza. Watu walikumbuka jinsi ulivyogombana na shangazi Agatha kuhusu mpaka wa shamba, na jinsi alivyosema, "Mkono huo unaoninyooshea, Mungu anauona." Wakaunganisha. Mkono ukatetemeka, mtu akafa, mchawi akapatikana. Kaka Petro ndiye aliyemwambia aondoke. Aliondoka mchana kweupe, godoro limefungwa nyuma ya bodaboda, kwenda kwa binti yake Newala. Pale njiani alisimama mbele ya Mama akasema, "Mama Petro, yule nilimbeba mgongoni. Nimle?"

Nilikuwa maabara Dar nilipofungua karatasi yako. Zebaki yako ilipita kiwango cha hatari kwa mbali sana, hata mwenzangu wa meza ya pili aliuliza kama mashine imekosea. Nilimwambia tupime tena. Tulipima tena. Haikukosea.

Sasa nisikilize, hapa ndipo penye kosa langu. Nilikaa kimya wiki mbili. Nilijiambia kazi yetu ina sheria, majibu ya mtu ni siri yake. Nilijiambia nimeapa. Katika wiki hizo mbili watu wa kijiji walipanda juu ya nyumba ya shangazi wakang'oa bati zote, mvua ikaingia ikabomoa ukuta wa nyuma. Ningefungua mdomo mapema, nyumba ile ingekuwa imesimama. Sheria haikuniambia nikae kimya kiasi kile, Baba. Niliogopa tu kukuaibisha.

Kiongozi wetu wa utafiti, mama mtulivu sana, ndiye aliyenitoa kwenye ukimya huo. Alisema siri ya marehemu iko mikononi mwa familia yake, niende nikamuulize mjane. Nikapanda basi la Masasi. Mama alikuwa anapukuchua mbaazi. Nilimweleza yote, hakuacha kupukuchua. Mwisho akasema, "Baba yako alinificha hata jino likimuuma. Yeye amekwisha kufa. Dada yake yu hai."

Kesho yake ulikuwa mkutano wa kutoa matokeo ya utafiti, darasani. Wachimbaji walijaa mlangoni, hawakukaa. Nilieleza habari za lambo na samaki, nikawaambia wajawazito wawaache kambale wakubwa, badala yake wale perege wadogo. Mchimbaji mmoja akauliza kwa sauti, "Na sisi tuache kazi tule tope?" Nikajibu kwamba kipo chombo cha chuma kinachofunikwa, chenye bomba la kunasa moshi, na kwamba uoshaji unaweza kuhamishwa mbali na maji. Walinung'unika. Mmoja alipiga mlango teke.

Ndipo kaka Petro akasema, "Hilda, Baba alikula samaki wa lambo kama sisi sote. Mbona sisi hatutetemeki? Waambie watu ukweli, nani alimla."

Ningeweza kujibu kwa maneno ya kitaalamu, wasielewe, tukaondoka. Nilimtazama Mama. Aliinamisha kichwa mara moja tu.

Nikasema, "Baba hakuugua kwa samaki. Mzee Cyprian alikuwa anachoma dhahabu jikoni kwetu, mlango umefungwa, miaka mingi. Moshi wa zebaki ndio uliomtetemesha. Nimepima mkojo wake mwenyewe. Shangazi Agatha hana kosa lolote."

Petro alinitazama kana kwamba nimekufukua. "Umemvua Baba nguo mbele za watu," akasema, akatoka. Nilimaliza mkutano bila yeye.

Hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne asubuhi mkewe Edina, ambaye sasa ana mimba ya miezi sita, alikuja kuazima kwetu sufuria. Nilimuuliza zake zina nini. Akaangalia chini. "Za kwetu Petro anachomea karibu nazo." Baba, kikaango chako alikichukua yeye, juma lilelile tulilokuzika.

Nilikwenda mbio. Nilimkuta amekaa mlangoni mwa jiko lake, moto umezimwa. Hakugomba. Alininyooshea mikono, vidole vimetanuliwa, akasema, "Nitazame vizuri." Tulitazama pamoja. Sijui niliona nini. Kidole cha mwisho cha kushoto, labda. Labda ni macho yangu. Akasema, "Nipe na mimi kichupa."

Tulizika kikaango mbali na maji, kimefungwa kwenye plastiki. Wiki iliyofuata tulipanda wote Newala. Petro alipiga goti mlangoni, "Shikamoo, shangazi." Shangazi aliitazama mikono yake kwanza. Aliitikia. Alikuja kukaa kwenye kaburi lako nusu siku, akakugombeza kwa Kimakonde, mengine sikuyaelewa. Lakini kurudi kuishi amekataa. Anasema hawezi kulala katikati ya watu waliong'oa bati zake. Siwezi kumlaumu.

Wachimbaji wengine wamesogea mbali na lambo. Wengine bado wako palepale, na nikipita hawanisalimu. Sijashinda, Baba.

Majibu ya Petro na ya Edina hayajatoka. Kila simu ikilia nadhani ni ya maabara. Nakuahidi jambo moja: siku yakitoka, sitakaa nayo hata usiku mmoja. Nitapanda basi la kwanza, nitawapa mkononi wakiwa wamekaa pamoja, yawe mema, yawe mabaya.

Nisamehe kwa jina lako. Lala salama.

Mwanao,
Hilda