Koti Lako Liko Kituoni

Baba Gaudensi,

Umelala vizuri huko? Mimi sijatulia tangu Jumapili. Nafagia uwanja, naacha ufagio katikati, naingia jikoni, natoka sijui nilifuata nini. Hata kuku wananikwepa. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na mwandiko wangu huu wa kisomo cha watu wazima uliokuwa unaucheka kwamba unatembea kama kaa. Cheka. Koti lako la jeshi liko kituo cha polisi, nani mwingine nimwambie?

Nianze mwanzo, maana ulikuwa hupendi habari inayoanzia mkiani.

Kwenye mazishi walikuja wote. Mwenyekiti wa tawi alisimama kaburini akakuita shujaa, mtoto mtiifu wa chama. Alisema mpaka padri akaanza kutazama mawingu. Mimi nilitazama viatu vyake. Miaka yote uliyouburuta ule mguu uliorudi nao kutoka vita vya Uganda, ukikaa kwenye benchi la ofisi kule Mbinga kuomba utazamwe, viatu vile havikuwahi kukanyaga uwanja wangu. Umekufa, ndiyo umependeza.

Tulipotaka kumaliza matanga na kugawa nguo, akaja tena. "Mama, lile koti la jeshi tukabidhi sisi. Litavaliwa jukwaani siku ya mkutano, watu waukumbuke uaminifu wa mzee. Wewe tutakutafutia la mtumba, zuri, la Ulaya."

Nikamwambia, "Chukua. Ila njoo na jembe."

Akacheka. Mimi sikucheka, naye akaacha.

Unaijua desturi ya ukoo wenu, si ndiyo mliyonifundisha kwa ukali nilipopanda mlima huu kutoka ziwani? Anayepewa koti la marehemu amekuwa marehemu. Anaamkiwa kama yeye, anakalia kiti chake, na mvua zikikaribia anamlimia mjane ngolo zake, yale mashimo ya kupandia kule mteremkoni, shimo kwa shimo. Mwenyekiti anataka koti, mashimo hayataki.

Nikampa Gaudensi. Mwanao wa kwanza, na kulima analima. Kwamba ameingia chama kingine, hilo silipendi, na nimemwambia mbele ya mkewe. Mimi kadi yangu ni ileile, na khanga ya chama nitazikwa nayo. Lakini unakumbuka siku alipotuambia? Nilishika mwiko. Nilidhani utamtoa nje, wewe uliyetundika picha ya kiongozi ukutani mpaka Bikira Maria akasogezwa pembeni! Wewe ukaendelea kutafuna. Ukasema, "Mwache aseme. Kama mtoto wangu anaogopa kusema kijijini kwake, mimi kule vitani nilikwenda kufanya nini?" Kisha ukaomba ugali mwingine.

Basi Jumapili, baada ya misa, akalivaa kwenye mkutano wao pale sokoni. Sikumtuma. Baridi ilikuwa kali, na koti ni lake. Hajamaliza hata salamu, askari hawa hapa: amevaa nguo ya jeshi na si askari. Nani aliwapelekea habari? Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye mashine ya kusaga, anautazama mlima kana kwamba umeota leo.

Nikaenda kituoni na jembe lako. Usiniulize kwa nini. Mkono ulilikuta mlangoni.

"Shikamoo bibi. Jembe weka nje."

"Marahaba. Jembe langu halijahutubia mtu."

"Bibi, hii ni sheria. Raia havai nguo ya jeshi."

"Huyo si raia, ni mume wangu."

Wakatazamana. Mmoja, kijana wa huku kwetu mlimani, akainamisha kichwa kuficha kicheko. Anaijua desturi. Wengine nikawaeleza kwamba wamemkamata mzee. Nikasema, mlimchukua akiwa na miguu miwili, mkamrudisha na mmoja na nusu, mkamhutubia kaburini, sasa mnamweka rumande! Hamwoni haya? Mkuu wa kituo akatoka. Akasema, "Mama, nenda na mwanao. Koti linabaki."

Gaudensi akarudi na shati, meno yanagongana. Njiani ananiambia, "Mama, achana nalo, ni nguo tu."

Nguo tu! Yeye alikuwa mdogo, hajui. Ile siku uliyorudi nilikuja kukupokea stendi, nimetoka ziwani kwa mama na kikapu cha usipa, dagaa wa kwetu, mvua inanipiga. Ulinivisha wewe koti, ukatembea na shati, unachechemea, hutaki nikushike. Likanuka usipa mwaka mzima. Ukawa unasema, "Kwa harufu hii adui angekimbia mapema." Mpaka leo ukiweka pua kwapani unausikia. Sasa wamelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, nililiona, ukosi umepinda. Nikifumba macho naona ukosi umepinda. Nawezaje kukaa?

Lakini sasa nimekaa, maana nimeamua.

Mwenye koti ndiye marehemu, hamkusema hivyo? Koti analo mkuu wa kituo. Haya. Jumatatu nakwenda na majembe mawili. Nitamwamkia mbele ya watu wote kama nilivyokuwa nakuamkia wewe: "Baba Gaudensi, umeamkaje? Mawingu yamefunga, mashimo yanatungoja." Akinifukuza, nitarudi Jumanne. Nitakwenda mpaka alime au alirudishe.

Na likirudi, nakuahidi, halitatundikwa jukwaani kama ngozi ya chui. Gaudensi atalivaa anakotaka, hata huko kwenye mkutano wake nisioupenda. Nitakaa mbele kabisa na khanga yangu ya chama, nimtazame, akisema upuuzi nimzomee. Ukosi nitakuwa nimeunyoosha.

Wewe nawe, kufa umekufa vibaya, mvua zinakuja na jembe la pili halina mpini. Nani atalitia? Basi, nitalitia mwenyewe.

Lala, mzee wangu. Ukisikia baridi, vumilia kidogo. Nakuja kukutoa.

Mimi mkeo,
Mama Gaudensi