Kadi ya Usisumbue

Kwako dada yangu mkorofi,

Goti lako linasemaje? Mimi siku hizi ndiye bosi wa hoteli anayofanyia kazi mwanangu. Haya, naongopa, hata getini hawanipitishi. Lakini hapo hapo getini nilimvizia yule mama anayepanga zamu.

Ningefanyaje? Mwanangu anapika usiku, mkewe anatandika vitanda humo humo mchana, wanapishana mlangoni. Juzi mkwe wangu akalia: "Baba, mume wangu namjua kwa harufu ya vitunguu shatini tu. Niache kazi au niache ndoa?"

Nikamwambia yule mama, "Mjukuu wangu akimwona baba yake anasema, 'Karibu, mgeni.'" Akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akawapa wote wawili mapumziko siku ile ile, kila Jumapili.

Leo ndiyo ya kwanza. Wametundika mlangoni kadi ya hotelini: USISUMBUE. Vicheko vinavyotoka humo, dada, hata mimi naona haya, na unanijua!

Ila mjukuu yuko mgongoni kwangu tangu asubuhi. Nilikulelea mapacha wako ulipokwenda kusomea ushonaji, kwa hiyo Jumapili ijayo njoo ushike zamu.

Kaka yako,
farasi wa mtoto